Kumtuza mchezaji na kumtunza

Ilikuwa baada ya mazoezi ya jioni, taa za ukumbi zimeshazimwa nusu, mimi niko mlangoni na daftari langu nasubiri watu watoke nifunge, nikamwona mmoja wa wachezaji wetu amekaa chini, kavua soksi, anabonyeza muundi wa mguu wake kwa kidole gumba. Anabonyeza, anasogeza kidole kidogo, anabonyeza tena. Nikamuuliza vipi. Akaniambia, "Anti, hebu weka kidole hapa." Nikaweka. Akashtuka kama nimemchoma sindano, na mimi wala sikuwa nimebonyeza, niligusa tu.

Kumbe yale maumivu alikuwa nayo wiki kadhaa. Yalianza kama uchovu wa kawaida wa miguu, yanatambaa upande wa ndani wa muundi, akipumzika yanapoa, akianza kuruka yanarudi, alafu ikafika mahali hata akipumzika hayapoi. Hakumwambia mwalimu. Shoo ilikuwa karibu na aliogopa kutolewa kwenye kipande chake, na kile kipande alikuwa amekipigania kweli.

Mimi sijawahi kucheza densi. Niliingia kwenye kikundi kwa mlango wa hesabu. Mtoto wa dada yangu alikuwa anacheza pale, siku moja nimekuja kumchukua nikakuta viongozi wamezunguka meza wanajaribu kulinganisha risiti na salio la benki na namba hazikubali, nikavuta kiti nikasaidia, na kile kiti sijakiacha mpaka leo. Najitolea, hakuna mshahara. Kwa hiyo hapa naandika kikundi cha densi kama anavyokiona mweka hazina, na naamini ndo upande ambao watu wenye moyo wa kuchangia wanauonyeshwa kidogo sana.

Jioni ile ndo mara ya kwanza niliitazama sakafu. Kodi ya ule ukumbi nilikuwa nimeilipa miezi na miezi, naandika kwenye daftari "ukumbi", nalipa, basi. Ni vigae juu ya saruji. Mtu akiruka na kutua, mwili unapokea mshindo wa mara kadhaa ya uzito wake, na ule mshindo lazima uende mahali. Sakafu ya densi inabonyea kidogo, inaumeza sehemu yake. Saruji haimezi kitu, inarudisha wote kwenye kifundo, kwenye muundi, kwenye goti, kwenye kiuno. Mara moja si neno, lakini zoezi la jioni moja ni miruko isiyohesabika na wiki ina mazoezi manne, na mfupa unaochapwa kila siku bila kupewa muda wa kujijenga mwishowe unapata ufa mwembamba ambao kwa macho huuoni. Mwalimu wetu alijua. Alikuwa anawapunguzia miruko, anawatandikia mikeka ya mazoezi pembeni, anawapasha misuli moto muda mrefu kuliko kawaida. Alifanya kila ambalo mtu mmoja anaweza kulifanya juu ya sakafu mbaya.

Sasa hapa ndo pananiuma. Wiki ileile, kwenye akaunti tulikuwa na hela, tena hela ya kutosha kuanzia mbao. Ila ilikuwa hela ya maleba.

Aliyeitoa ni mama mmoja mwenye moyo mzuri sana. Alikuja kwenye shoo yetu ya mwaka uliopita, akalia kwenye kiti chake, kesho yake akapiga simu akasema anataka kutushika mkono, na anataka mchango wake uende kwenye mavazi ya shoo ijayo, ili siku hiyo akikaa pale aone kinachong'aa kwenye steji kimetoka mkononi mwake. Nikamwandikia risiti, nikaandika "kwa ajili ya maleba", nikasaini. Na pesa ukishaipokea kwa jina la kitu fulani, ile si yako tena kuipangia kitu kingine, hata kama una shida ya namna gani. Kwenye hesabu za mashirika yasiyo ya faida hilo halina mjadala, kuna pesa huru na kuna pesa yenye masharti, zinaandikwa mbali mbali, na mweka hazina anayechota huku apeleke kule hata kwa nia njema amevunja amana. Kwa hiyo nilikaa pale na salio zuri benki na binti ambaye hawezi kuguswa mguu, na vile vitu viwili havikuweza kukutana.

Maleba yakashonwa. Shoo ikafana. Yule binti alicheza kafungwa bandeji chini ya soksi ndefu, mimi nilikuwa pembeni ya steji na kila akiruka nilikuwa nahesabu moyoni. Alafu akaenda kupigwa picha ya mfupa na ufa ukaonekana, akakaa nje miezi.

Baadae, muda umeshapita, nikampigia yule mama kumshukuru tena na nikajikuta namwambia yote, sakafu, mguu, salio. Akanyamaza. Alafu akasema, "Kwa nini hukuniambia siku zile? Si ungenipigia tu? Ningekwambia nunua mbao." Hakuwa na hasira, aliumia. Na alikuwa na haki. Mimi nilijipa jibu kwa niaba yake, nikadhani mtu aliyeomba kuona kinachong'aa hawezi kutaka kusikia habari za saruji, nikaona aibu kumrudishia tabasamu lake na orodha ya shida. Na yeye huku alichagua maleba kwa sababu ndo kitu pekee ambacho tulimwonyesha. Tunawaonyesha watu saa moja na nusu ya taa na muziki alafu tunashangaa wakichangia taa.

Kuna methali tunaitumia kila siku, mcheza kwao hutunzwa. Wengine wanasema hutuzwa. Nimewahi kuskia watu wakibishana ipi ndo sahihi, mimi siku hizi naona yale ni mambo mawili na kikundi cha densi kinayahitaji yote. Kumtuza mchezaji ni ile zawadi ya pale pale, amekufurahisha, unanyanyuka unampa. Ni kitu kizuri sana na mchezaji anaihitaji ile kwa moyo wake. Kumtunza ni kuhakikisha kesho ana mguu wa kuchezea. Tuzo tunaijua wote, inatoka yenyewe mtu akiwa na furaha. Matunzo hayana furaha ya ghafla, yanakuja tarehe ya kodi, yanakuja mwezi ambao hakuna shoo, yanakuja wakati bima ya ukumbi inaisha na hakuna mtu duniani aliyewahi kupigia makofi bima.

Watu wananiuliza, sasa si muuze tiketi, mbona kila siku mnachangisha? Swali la haki na jibu lake lina historia. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliangalia hesabu za sanaa za jukwaani wakaeleza kitu ambacho kila mweka hazina wa kikundi anakihisi bila kujua jina lake. Kiwanda kikipata mashine mpya kinatoa bidhaa nyingi zaidi kwa watu walewale, kwa hiyo kinaweza kuongeza mishahara bila bei kupanda sana. Lakini densi ya watu wanane ya dakika ishirini inataka watu wanane na dakika ishirini, miaka mia iliyopita na leo. Huwezi kuicheza na watu wanne ukasema umeongeza ufanisi. Huwezi kufanya mazoezi nusu. Kodi inapanda, umeme unapanda, nauli inapanda, na kazi yenyewe inabaki na urefu uleule, kwa hiyo pengo kati ya tiketi na gharama halitokani na uzembe wa mtu, liko ndani ya kazi yenyewe. Ukipandisha tiketi mpaka izibe lile pengo, umewafungia nje watu ambao kikundi cha jamii kiliundwa kwa ajili yao.

Na wala tusidhani ukubwa unaokoa. Dance Theatre of Harlem ni kampuni ya ballet ambayo kila anayefuatilia densi hiyo analijua jina lake, Arthur Mitchell aliianzisha New York mwaka 1969 pamoja na Karel Shook, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa, na wakati ule Mitchell alikuwa ameshafika kileleni, mchezaji mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu pale New York City Ballet, akaamua kurudi Harlem, mtaa aliokulia, na kufundisha watoto. Wamezunguka dunia. Na bado mwaka 2004 madeni yaliwazidi, kampuni ikasimamisha maonyesho, na haikurudi jukwaani mpaka 2012. Shule yao iliendelea muda wote ule. Fikiria mchezaji aliyekuwa na miaka ishirini na mbili mwaka 2004. Miaka minane kwa mwili wa mchezaji ndo kazi yake karibu yote.

Ila kuhusu maleba nisieleweke vibaya, manake hao hao Harlem ndo wamenifundisha kuyaheshimu. Miaka ya 1970 wachezaji wao waliacha zile soksi ndefu za pinki na viatu vya pinki ambavyo ballet ilikuwa inavichukulia kama rangi ya ngozi, wakaanza kuvaa rangi ya ngozi zao, na viatu vikawa vinapakwa rangi kwa mkono, kiatu kimoja kimoja, kila mchezaji na rangi yake. Hapo nguo si pambo. Ni mtu anasema mstari wa mwili wangu unaanzia kiunoni na unaishia kwenye kidole cha mguu, usiukate katikati. Na ukikumbuka kwamba kile kiatu cha kusimamia vidole kimetengenezwa kwa tabaka za karatasi, kitambaa na gundi, na kwamba mchezaji wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa shoo moja, unaelewa kwa nini hata kampuni kubwa zina wafadhili wa viatu peke yake.

Kikundi chetu si cha viatu hivyo. Sisi ni kikundi cha jamii, wapo wa umri wa shule, wapo waliomaliza shule wanatafuta kazi, wapo watu wazima wanaotoka kazini na begi mgongoni, na Jumanne asubuhi kuna darasa la wazee. Hilo darasa ndo nalipenda kuliko yote na ndo linaloingiza hela kidogo kuliko yote. Wanaanza wamekaa kwenye viti, mikono tu, mabega, shingo, alafu wanasimama wameshika migongo ya viti. Kuna Bibi mmoja mikono yake inatetemeka, ana ugonjwa wa Parkinson, na mguu wake saa ingine unagoma kabisa kuondoka, anasimama mlangoni kama kabandikwa. Mwalimu haendi kumvuta. Anasimama pembeni yake anaanza kuhesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, anapiga kiganja kwenye paja, na mara muziki unashika na Bibi anaondoka. Nimeona hiyo kitu kwa macho yangu mara nyingi na kila mara koo linanikaba. Si muujiza wa kwetu peke yetu. Mark Morris Dance Group, kikundi cha densi cha Brooklyn, New York, walianza madarasa ya watu wenye Parkinson mwaka 2001 pamoja na kikundi cha wagonjwa wa huko, na leo madarasa ya namna ile yako nchi nyingi, kwa sababu mdundo unampa mtu njia nyingine ya kuanza mwendo pale ambapo ile ya kawaida inakwama. Hawatoki wamepona, wanatoka wametembea.

Au Celeste Dandeker wa Uingereza, alikuwa mchezaji, mwaka 1973 akaanguka akiwa anacheza jukwaani na akapooza. Mwaka 1991 yeye na Adam Benjamin wakaanzisha Candoco, kampuni ya wachezaji wenye ulemavu na wasio na ulemavu, wote kwenye steji moja na kazi moja, na si kazi ya kuonewa huruma, ni kazi ya kiwango. Mambo kama haya hayawezi kuzaliwa kwenye hesabu ya tiketi peke yake. Lazima kuwe na mtu aliyetoa hela bila kudai kwanza aonyeshwe matokeo, manake siku ya kwanza hakuna hata mchezaji mwenyewe anayejua itafanana na nini.

Ndo maana nikiulizwa nichangie vipi, jibu langu la kwanza siku zote ni kidogo, kila mwezi, bila masharti. Ntaeleza kwa nini kwa mfano wa mtu.

Tuna Mzee mmoja, tarehe tatu ya kila mwezi anaingiza kiasi kilekile. Kidogo. Kwa miaka. Hajawahi kuja kwenye shoo hata moja. Mwanzoni sikumwona kama mfadhili, nilimwona kama mstari kwenye taarifa ya benki, Mungu anisamehe. Alafu ikaja ile miezi mirefu baada ya shoo ambapo hakuna kiingilio, ruzuku tuliyoomba imecheleweshwa, na nikakaa kupanga nani alipwe na nani asubiri, na nikagundua yule mwalimu wa wazee nauli yake ya mwezi mzima inatoka kwa tarehe tatu. Si kwa yule aliyetoa kikubwa kwenye usiku wa shoo, manake kile kilishaisha kwenye spika na jenereta ya usiku uleule. Hela ya mara moja hata ikiwa kubwa siwezi kuahidi mtu kazi kwayo. Hela ndogo inayorudi naweza kumtazama mwalimu usoni nikamwambia darasa la Jumanne lipo mpaka mwisho wa mwaka, na yeye akawaambia wazee, na Bibi akajua wiki ijayo ana mahali pa kwenda. Watu kumi na tano wa tarehe tatu ni mwaka mzima wa Jumanne.

Bila masharti, hapo ndo wengi wanaposita, na sisemi wana makosa, watu wameumizwa. Wanasema nataka hela yangu yote iende kwa watoto, isiende kwenye uendeshaji. Naielewa hofu ile kabisa. Lakini uendeshaji wa kikundi cha densi ni nini? Ni anayefungua mlango, na anayefagia vipande vya kioo kabla mtoto hajalala sakafuni kunyoosha mgongo. Ni choo kufanya kazi. Ni leseni ya muziki, kwa sababu wimbo una mwenyewe. Ni simu ya kumwuliza mzazi mbona mtoto hajaonekana wiki mbili. Mtoto hachezi juu ya hela, anacheza juu ya sakafu ndani ya chumba chenye taa na mtu mzima anayemwangalia, na vyote hivyo vinaitwa uendeshaji.

Dawa ya hofu hiyo ni kuuliza, na uulize kabla hujatoa. Kikundi kimesajiliwa kama nani? Akaunti ni ya kikundi au ya mtu? Nani wanasaini, na ni zaidi ya mmoja? Niione hesabu ya mwaka jana. Mkikosa hela mwezi huu mnakata nini kwanza? Hili la mwisho nalipenda sana kwa sababu majibu yake hayajifichi, kikundi kinachojijua kitakujibu pale pale, na kinachobabaika kinababaika pale pale. Mimi nilivyoulizwa mara ya kwanza na mfadhili kijana nilikaribia kuona kama ananishuku, baadae nikaelewa ndo heshima kubwa kuliko kutumiwa hela kimya kimya. Na ukiona mweka hazina anakasirika ukimwuliza risiti, beba mchango wako nenda kwingine, wapo wengine wengi wenye shida na wana risiti.

Pia uliza kama kwenu sheria inaongezea mchango. Uingereza kwa mfano wana mpango wa Gift Aid tangu 1990, mlipa kodi akichangia shirika la hisani na akasaini fomu, shirika linadai serikalini peni 25 juu ya kila pauni moja, na mchangiaji haongezi hata senti. Kuna nchi nyingine mchango unakupunguzia kodi yako mwenyewe. Ni karatasi moja, na ni kazi yetu sisi wa hesabu kukuletea hiyo karatasi, usisubiri ujue peke yako.

Vitu navyo ni mchango, ila hapo naomba sana, piga simu kwanza. Kuna wakati tulipokea magunia ya nguo za sherehe zilizochakaa na tukalipa gari kuyatoa. Lakini kuna mtaalam wa viungo alisema mimi sina hela, nina masaa mawili kila mwezi, akaja akawafundisha wachezaji kutofautisha maumivu ya misuli kuchoka na maumivu ya mfupa, na kwamba ukibonyeza muundi na ukakuta panauma sehemu moja ndogo kama ukubwa wa sarafu, unaacha kuruka siku hiyohiyo na unasema. Masaa mawili. Angekuja mwaka mmoja kabla.

Na fundi seremala. Hapa turudi kwenye sakafu.

Baada ya ile simu na yule mama nilibadilisha jinsi ya kuomba. Nilipiga picha sakafu, ikiwa tupu, vigae vyake na ule ufa wa kona, nikaituma kwa kila mtu aliyewahi kutuchangia, na nikaandika tu kilichotokea, bila jina la binti, kwa ruhusa yake. Tukachora ukumbi kwenye karatasi ya miraba tukasema kila mraba una bei yake, chukua mmoja, chukua nusu, changieni watu wanne mraba mmoja. Yule mama alichukua safu nzima ya mbele. Darasa la wazee walikusanya wakachukua ule mraba wa mlangoni, pale pale ambapo Bibi miguu inagomea. Hakuna picha ya shoo iliyowahi kutuletea hela kama ile picha ya vigae.

Fundi hakuwahi kujenga sakafu ya densi lakini alisoma michoro akaelewa haraka. Kwanza vipande vya mpira vimepangwa juu ya saruji, juu yake mihimili myembamba ya mbao, imeachiana nafasi, chini kuna hewa. Alafu plaiwudi tabaka mbili, na alikuwa mkali sana kwamba maungio ya tabaka la juu yasikutane na maungio ya chini, manake mstari ukikutana na mstari pale ndo patashuka na mtu atajikwaa. Kila skrubu kichwa chake kizame. Alipita na kiganja, mita kwa mita, macho kafumba. Juu ya yote kapeti la plastiki la densi, ambalo halitelezi sana na halishiki sana, mguu unaweza kuzunguka bila goti kubaki nyuma. Lile kapeti ukilitandika unaliacha kwanza lilale, limetoka kwenye roli linataka kurudi kujikunja, usiligonge tepu siku hiyo.

Siku ya kwanza mwalimu hakuruhusu muziki. Akawaambia vueni viatu, simameni, rukeni mara moja mtue. Mimi nilikuwa nimezoea ule mlio wa saruji, kavu, kama mlango umebamizwa. Safari hii ulikuwa mlio wa chini, mzito, kama ngoma kubwa iliyofunikwa kitambaa, na wakatazamana, alafu wakaruka tena bila kuambiwa. Germaine Acogny kule Senegal, shule yake École des Sables aliyoianzisha 1998, ina ukumbi ambao sakafu yake ni mchanga mtupu, na zamani niliposoma hilo nilidhani ni urembo tu wa mahali. Siku ile nilielewa kwamba kila mwalimu wa densi mwenye akili anaanzia chini.

Yule binti alirudi. Sitasema alirudi kama zamani, alikosa msimu mzima na kile kipande alichokipigania kilishapewa mtu mwingine, na hilo hakuna mchango unaoweza kulirudisha. Alianza upya na wadogo, nyuma kabisa, miruko midogo, na mwalimu akimhesabia.

Mzee wa tarehe tatu tulimwalika kwenye shoo ya kwanza baada ya sakafu. Akasema usiku macho yake hayafai, ila angependa kuja mchana kuona wanavyojifunza. Akaja Jumanne, akakaa kwenye kiti karibu na ukuta, fimbo kati ya magoti. Hakusema mengi. Mwalimu alimkaribisha kwenye zoezi la mikono na akakataa kwa adabu, alafu kama dakika kumi hivi nikaona kisigino chake kinapiga mdundo kwenye plaiwudi. Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Binti yangu, hiki kitu kinadumu muda gani?" Nikamwambia mbao miaka mingi zikitunzwa, kapeti itabidi kubadilisha, tepu kila baada ya miezi michache. Akatikisa kichwa, akavaa viatu vyake pale kwenye ule mraba wa wazee, akaenda.

Jana nimepita ukumbini kuchukua risiti. Kona ya kushoto tepu imeanza kunyanyuka, mchezaji mmoja akaibonyeza na kisigino katikati ya mzunguko wake akaendelea. Nikafungua daftari nikaandika tepu, roli mbili.